Gugu karoti: ling'oe kabla halijachanua

Masika yakishika, mmea unaowahi kufunika udongo uliokwanguliwa na katapila kandokando ya barabara za Arusha na Moshi mara nyingi si nyasi. Ni mmea wa kijani kilichopauka, majani yamechanikachanika kama ya karoti, na mwezi haujaisha tayari una vimaua vyeupe. Hilo ndilo gugu karoti. Kwa jina la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus. Asili yake ni nchi za Ghuba ya Meksiko na Amerika ya joto. India lilionekana Pune katikati ya miaka ya 1950, na hapa kwetu liliripotiwa mkoani Arusha mwaka 2010.

Wengi wakiliona wanachukua fyekeo. Wiki tatu baadaye limerudi, fupi kuliko mwanzo, na maua yamezidi. Hilo si bahati mbaya. Ndivyo mmea huu ulivyoumbwa, na asiyejua hilo atafyeka kila msimu huku gugu likiongezeka.

Magugu vamizi hayafanani kwa tabia. Uingereza wanasumbuliwa na gugu la Kijapani, Reynoutria japonica, linaloenea kwa vipande vya shina lililo chini ya ardhi. Kipande cha sentimita moja tu kinaweza kuchipua upya, kwa hiyo kule ukiingiza jembe ovyo umelipanda. Gugu karoti haliko hivyo. Mzizi wake mkuu ukitoka mzima, mmea huo umekwisha. Nguvu yake yote iko kwenye mbegu: mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, na ulioshiba sana unaweza kufika 100,000. Basi kila kitu unachotaka kufanya, kuanzia jembe, dawa, moto hadi fyekeo, kipime kwa swali moja: je, kinazuia mbegu kudondoka?

Kulitambua likiwa bado chini

Likiota, majani yake hulala chini yakizunguka kama sahani. Hapa ndipo watu wengi wanalipita bila kulijua. Jani la chini laweza kufika sentimita 20, limegawanyika vipande vyembamba ambavyo navyo vimegawanyika tena, na ukilipapasa unasikia vinyweleo vifupi laini. Linabana udongo kiasi kwamba nyasi za chini yake zinakosa mwanga.

Kisha shina linapanda. Linaanza laini na kijani, baadaye linakuwa gumu kama kijiti, lenye michirizi ya wima kutoka chini hadi juu. Pitisha ukucha ukilikatiza shina kwa upana, utaihisi. Matawi hutoka zaidi nusu ya juu, na majani ya huko ni madogo kuliko ya chini. Urefu wa kawaida ni nusu mita hadi mita moja na nusu. Penye samadi au maji ya karo linaweza kufika mita mbili.

Ua ndilo linalomaliza ubishi. Ni dogo, upana wa milimita nne hadi tano, rangi ya maziwa, na ukilisogeza karibu na jicho unaona pembe tano zilizojitenga. Kila kichwa cha ua hubeba mbegu nne au tano, nyeusi, za milimita mbili hivi. Yapo mamia kwa mamia juu ya mmea mmoja, ndiyo maana kwa mbali linaonekana kama limenyunyiziwa unga.

Kuna mimea mitatu inayowachanganya watu huku kwetu. Ya kwanza ni pakanga, hasa ile iliyolimwa Arusha kwa ajili ya dawa ya malaria. Majani yamechanika vilevile, lakini ukiyasugua harufu yake ni kali na inabaki vidoleni, na maua yake ni ya njano, yamening'inia. Ya pili ni kishona nguo. Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye shina, na mbegu zake ni sindano nyeusi zinazong'ang'ania suruali. Mbegu ya gugu karoti haishiki nguo namna hiyo. Ya tatu ni karoti yenyewe, au giligilani iliyoachwa ikachanua: maua yao hujipanga kama mwavuli, na jani likisuguliwa linanukia mboga. Ukibaki na shaka, usilisugue tena kwa mkono mtupu. Subiri ua la kwanza kwenye mmea mmoja tu, mingine yote ing'oe.

Mkono, pua na maziwa

Ndani ya gugu hili kuna kemikali iitwayo parthenini. Kwa baadhi ya watu husababisha ngozi kuwasha, kuvimba na kupasuka, hasa mikono, shingo, uso na pale kiwiko kinapokunja. Chavua yake na vumbi la mmea mkavu huamsha mafua ya mzio na pumu. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba mzio huu hujengeka polepole. Mtu anaweza kuling'oa msimu wa kwanza bila glavu na asidhurike, msimu wa pili vivyo hivyo, halafu wa tatu mwili ukakataa. Ukishakataa, kila mguso unaofuata huleta shida. Kwa hiyo maneno ya "mimi halinidhuru" hayana dhamana. Nisisitize hapa: wanafunzi wasitumwe kung'oa gugu karoti uwanjani kwa mikono mitupu kwenye usafi wa asubuhi. Kazi hiyo ni ya mtu mzima aliyevaa ipasavyo.

Ng'ombe wakiachiwa uchaguzi hulikwepa. Shida inakuja malisho yakipungua, au likikatwa pamoja na majani mengine na kumwagwa horini. Maziwa huwa machungu, nyama hubeba ladha mbaya, na mnyama aliyelila kwa wingi anaweza kuugua hata kufa. Shambani nalo halishindani kwa maji na mbolea tu: mizizi na majani yanayooza hutoa kemikali zinazodumaza mazao na nyasi zilizo karibu. Ndiyo maana ukilikuta limekomaa, chini yake udongo mara nyingi ni mtupu.

Linafikaje shambani kwako

Upepo hulipeleka mbali kidogo tu. Linalolisafirisha kwa kilomita ni sisi wenyewe.

Morum na mchanga wa ujenzi ndiyo njia ya kwanza ya kutazama. Lori linachota mahali penye gugu, linamwaga uwanjani kwako, mvua moja inatosha. Kabla hujalipia tripu, nenda ukaangalie kingo za shimo wanakochimba. Ukishapokea, mwaga mahali pamoja, usisambaze siku hiyo hiyo kwenye kona zote za kiwanja, na ulikague lile rundo kila wiki kwa miezi miwili ya mvua.

Njia ya pili ni malisho, na kwa Moshi hii ni nzito. Ng'ombe wa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, analishwa ndani, na sehemu kubwa ya mabua na nyasi hupandishwa kutoka tambarare kwa pikapu na mikokoteni. Mzigo ukiwa na mashina machache yenye mbegu, zinadondoka zizini, zinachanganyika na masazo ya hori, kisha zinakwenda na samadi hadi kwenye migomba na kahawa. Nunua nyasi zilizokatwa kabla ya gugu kuchanua, fungua mzigo juu ya turubai au sakafu ya saruji, chambua mashina magumu yenye michirizi, na kilichobaki kwenye turubai kichome. Usikifagilie shimo la mboji. Lundo la mboji la nyumbani hupata joto katikati tu, pembeni mbegu zinabaki hai.

Nyingine ni za kupita haraka: tope kwenye matairi ya trekta na kwato za mifugo, miche ya maua kutoka vitalu vya barabarani ambayo udongo wake hujui ulikotoka, na mbegu za mazao ambazo hazikupepetwa vizuri. Maji nayo yana nafasi yake ya pekee. Mfereji wa umwagiliaji, ile mifongo ya mlimani ikiwemo, hubeba mbegu kutoka shamba la juu hadi la chini. Kama chanzo kiko juu yako na hukigusi, utang'oa milele. Mazungumzo na jirani wa juu ni sehemu ya kazi hii kama lilivyo jembe.

Kung'oa

Kwenye eneo lisilozidi robo ekari, au penye mashina yaliyotawanyika, mkono ni bora kuliko dawa. Lakini kung'oa kuna namna yake.

Vaa glavu za mpira, si za kitambaa, maana kitambaa hulowa utomvu. Shati la mikono mirefu, suruali, buti, na barakoa kama limeanza kuchanua. Chagua siku inayofuata mvua, udongo ukiwa umelowa bado. Shika shina chini kabisa, pale linapokutana na ardhi, tikisa kidogo kisha vuta wima. Mzizi mkuu utoke mzima. Udongo ukiwa mkavu, shina hukatika shingoni, na kile kishina kinachobaki kinatoa matawi mapya manne au matano badala ya moja. Hilo ndilo linalotokea pia kwenye fyekeo: unakata kilele, shingo inabaki hai, na matawi mapya yanachanua chini ya kimo ambacho fyekeo linafikia.

Likiwa bado sahani chini, jembe linafaa. Kata sentimita mbili hadi tatu chini ya uso wa udongo, si juu yake, na ugeuze mzizi juu ulikaushe jua. Fanya asubuhi ya siku isiyo na dalili ya mvua. Likichimbuliwa na kuachwa kwenye tope linashika tena.

Ambalo halijachanua unaweza kuliacha juani likakauka hapo hapo. Lililochanua usiliache chini hata saa moja. Kata kwanza vichwa vya maua taratibu ukivitia kwenye mfuko wa salfeti usiotoboka, ndipo uvute shina. Usilitikise kuondoa udongo, utapanda mbegu kwa mkono wako. Kausha mifuko mahali palipofagiliwa, kisha choma kwenye pipa au shimo, ukisimama upande ambao moshi hauendi. Kuchoma uwanja mzima likiwa limesimama hakusaidii: moto wa nyasi unapita haraka, mbegu zilizo ndani ya udongo zinabaki, na nyasi ambazo zingelibana ndizo zinazoungua.

Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla ya kushika mtoto au kulala kitandani, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Halafu kuna kurudi, na hapa ndipo kampeni nyingi zinapokufa. Kukiwa na joto na unyevu, gugu karoti linaweza kuchanua wiki nne tu baada ya kuota. Kwa hiyo katika masika na vuli pita eneo lilelile kila siku 21. Si mara moja kwa mwezi, maana mwezi unatosha kabisa kwa lililojificha nyuma ya jiwe kukuwahi. Kiangazi unaweza kupunguza hadi mara moja kwa mwezi, ila usisahau sehemu zenye maji mwaka mzima: kwenye bomba linalovuja, karo, pa kuoshea magari, ukingo wa mfereji. Mbegu iliyofukiwa hukaa hai miaka kadhaa, hivyo hesabu miaka, usihesabu misimu. Kila unapolima kwa kina unazipandisha juu zile za zamani. Kwenye shamba lililovamiwa, kulima juujuu ni afadhali.

Eneo likiwa kubwa usianzie katikati penye msitu wake. Anza na mashina ya pekee pembezoni, yale matatu hapa, mawili kule, kwa kuwa ndiyo yanayofungua maeneo mapya. Kisha ukingo wa mfereji ukitokea juu kushuka, njia za gari na za mifugo, ndipo uingie katikati.

Dawa, kwa uangalifu

Viuagugu vina nafasi yake penye ekari nyingi, kando ya barabara na kwenye malisho. Lenga likiwa bado sahani au kimo cha kiganja. Likishakuwa na shina gumu na maua, dawa inaweza kulikausha majani huku mbegu zikimalizia kukomaa.

Glaifosati huua karibu kila kijani, nyasi zikiwemo, kwa hiyo ukiipuliza eneo zima unaachia udongo mtupu, na udongo mtupu ndio kitanda cha gugu hili. Itumie kwa kulenga shina moja moja. 2,4-D huua yenye majani mapana na kuacha nyasi, kwa hiyo inafaa malisho na kingo za barabara. Ila mvuke na matone yake yakipeperukia maharage, nyanya, alizeti au kahawa ya jirani, utaona majani yakijikunja na hasara ni yako. Katika mahindi yaliyopandwa peke yake, atrazini husaidia ikipulizwa mapema. Kwenye mahindi yaliyochanganywa na maharage, kama wengi wanavyolima hapa, usiiguse, maharage yatakufa. Hapo tumia jembe, palizi ya kwanza kati ya siku ya 14 na 21 baada ya mahindi kuota.

Watu hukosea zaidi kwenye kipimo kuliko kwenye aina ya dawa. Lebo inatoa kiasi kwa ekari au hekta, wewe unapima kwa kizibo kwenye bomba la mgongoni. Pima hivi: weka alama eneo la mita 10 kwa 10, tia maji matupu kwenye bomba, puliza kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia yametumika lita ngapi. Tuseme ni lita 2. Ekari ni kama maeneo 40 ya namna hiyo, basi utahitaji lita 80 za maji, yaani mabomba matano ya lita 16. Kama lebo inasema lita moja na nusu ya dawa kwa ekari, gawa kwa tano: mililita 300 kila bomba. Mtu mwingine akishika bomba hilo, pima upya, kwa sababu mwendo wake si wako.

Glaifosati haitaki maji ya tope. Udongo huishika ikakosa nguvu, ndiyo maana maji ya mfereji baada ya mvua huharibu kazi nzima. Kwa sababu hiyo hiyo, gugu la barabarani lililojaa vumbi jeupe lipulize baada ya mvua kuliosha, si katikati ya kiangazi. Puliza asubuhi umande ukishakauka na upepo haujaamka, siku ambayo hutarajii mvua kwa saa sita. Ukingo wa maji usipulizwe kabisa, hapo ng'oa kwa mkono. Nunua dawa iliyosajiliwa, kwenye chupa yenye lebo inayosomeka. Usikubali ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Wenye mamlaka ya usajili huo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake yako hapa hapa Arusha.

Ardhi isibaki tupu

Ukiling'oa ukaondoka, umeliandalia kitalu. Siku hiyo hiyo, au mvua inayofuata, weka kitu. Kihambani, tandaza majani ya migomba na mabua yasiyo na mbegu, unene wa sentimita 10. Mbegu za gugu karoti ni ndogo na huota karibu na uso wa udongo, tandiko nene huzibana. Penye nafasi ya zao, ngwara, mmea wa jamii ya kunde, ni chaguo zuri sana. Inatambaa, inafunga udongo mapema, inarudisha naitrojeni, na majani yake ng'ombe anakula. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha wamejaribu ngwara na desmodiamu (jamii ya kunde ya malisho) kama mimea ya kulibana gugu hili kwa ushindani. Panda ngwara mstari hadi mstari sentimita 75, shina hadi shina sentimita 30, mbegu mbili kila shimo, na upalilie wiki za kwanza hadi ishikane. Isiposhikana gugu litapita katikati.

Kwenye malisho, dawa kubwa ni kupunguza mifugo. Nyasi zilizoachwa zikanyanyuka hulifunika likiwa bado sahani. Nyasi zilizolambwa hadi mizizini haziwezi. Gawa eneo kwa uzio, hata wa miiba, ukipe kila kipande msimu wa kupumzika.

Nchi nyingine zimeongeza wadudu. India na Australia zilileta mbawakawa mdogo wa majani, Zygogramma bicolorata, tangu miaka ya 1980, na Afrika Kusini inamtumia pia. Mdudu huyo na viwavi wake hula majani machanga hadi mmea ushindwe kuchanua. Hiyo ni kazi ya serikali na watafiti, kwa kuwa mdudu wa kigeni hupimwa kwanza kwa muda mrefu asije akahamia alizeti, jamaa ya gugu hili. Mkulima asijaribu kumleta mwenyewe kutoka popote.

Ukiliona mahali ambapo halikuwahi kuwapo, iwe njia mpya ya kupanda mlima, mpaka wa hifadhi au kijiji cha juu, mwarifu afisa kilimo wa kata siku hiyo hiyo. Piga picha tatu: mmea mzima, jani la chini likiwa limewekwa juu ya karatasi, na ua likiwa kando ya sarafu ili ukubwa uonekane. Andika jina la kitongoji na alama iliyo karibu. Akitaka sampuli, litie shina moja ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, moja ndani ya nyingine, na lisafiri hivyo. Lisishikwe mkononi juu ya bodaboda.